Nyimbo Zinatuhesabia Miaka

Hakuna mtu ajuaye siku aliyoanza kuzeeka. Siku ya kuzaliwa imeandikwa katika kitabu cha ubatizo. Siku ya ndoa imeandikwa. Siku ya kufa, wengine wataiandika kwa ajili yetu. Lakini siku ile mtu anapotoka katika ujana haiandikwi popote. Inapita kimya, kama msafiri avukaye mpaka usiku pasipo kukutana na askari. Asubuhi yake anaamka, anakunywa chai, anakwenda kazini, wala hajui kwamba amekwisha kuingia nchi nyingine.

Basi, ni nani anayempasha habari? Wengine husema ni kioo, kwa sababu ya mvi. Wengine husema ni magoti, wakati wa kupanda mlima. Sisi tunasema kwamba wa kwanza kutuambia ni wimbo. Mtu wa miaka 35 magoti yake bado ni mazima na kichwa chake bado ni cheusi. Lakini tayari ziko nyimbo zake ambazo vijana wakizisikia huulizana: «Hizi ni za wakati gani?» Hawana nia ya kumtukana. Wanauliza tu, kama mtu aulizavyo umri wa mti. Naye yule mwenye nyimbo anastuka, kwa maana kwake nyimbo hizo ni za juzi.

Jambo hili laonekana dogo, hata la kuchekesha. Lakini ndani yake limo swali kubwa: mtu akitambua kwamba wakati wake unapita, awatendeeje wale wanaokuja nyuma yake? Tulitazame polepole.

1. Jinsi wimbo unavyotuambia

Sisi tulizaliwa katika Katanga, karibu na mwaka 1990. Muziki wa utoto wetu ulikuwa katika kaseti. Vijana wa leo hawazijui vizuri, basi tuwaeleze. Kaseti ilikuwa kijisanduku chenye utepe mwembamba wa rangi ya udongo. Utepe ukilegea, tuliuvuta kwa kuzungusha kalamu ya Bic katika tundu lake. Mawe ya redio yakichoka, tuliyaanika juani juu ya bati ili yapate nguvu ya wimbo mmoja tena. Kusikia wimbo tuupendao kulitaka uvumilivu. Tulikaa kando ya redio jioni nzima, kidole kikiwa tayari juu ya kifungo, tukimwombea mtangazaji asiseme neno katikati.

Mwaka 1997 okestra Wenge Musica, iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1981, iligawanyika. Upande mmoja ulikuwa wa JB Mpiana, upande mwingine wa Werrason. Sisi tulikuwa watoto, mbali na Kinshasa kwa zaidi ya kilometa 1500, na Kilingala hakikuwa lugha ya nyumbani kwetu. Hata hivyo uwanja wa shule uligawanyika nao. Marafiki waliokuwa wakila muhogo pamoja walikaa mbali kwa ajili ya ugomvi wa watu wasiowajua. Ilipotoka «Solola Bien!», mwaka 1999, kelele zote za atalaku tulizijua kwa moyo kuliko hesabu za kuzidisha.

Miaka ikapita, nasi tukawa na kazi nyingine. Kisha, tarehe 30 Juni 2022, mahasimu wale wawili walipanda jukwaa moja tena katika uwanja wa Kinshasa, miaka 25 baada ya kuachana. Tuliwatazama katika simu. Werrason, aliyezaliwa mwaka 1965, alikuwa mtu wa miaka 56. Hapo akili ikaanza kuhesabu yenyewe, bila kuamriwa: «Kama yeye ana miaka 56, basi mimi je?» Hata Fally Ipupa, ambaye tulimjua kama kijana katika okestra ya Koffi Olomide, alizaliwa mwaka 1977, naye anakaribia miaka hamsini.

Na wengine wamekwisha kutuacha. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, akafa akiwa na miaka 66. Tshala Muana, binti wa Lubumbashi, alikufa Kinshasa mwezi wa Desemba 2022. Kila mmoja wao alipokufa tulimlilia yeye. Lakini tuseme kweli, machozi mengine yalikuwa yetu wenyewe. Tulililia ule ua wa nyumbani, na ndugu waliocheza humo, na mama aliyepaza sauti toka jikoni: «Punguzeni hiyo redio!»

2. Kwa nini wimbo, wala si kitu kingine?

Mtu aweza kuuliza: Je, nguo za zamani hazitukumbushi? Je, picha hazitukumbushi? Ndiyo, zinatukumbusha. Lakini wimbo una nguvu yake peke yake, nasi tutaje sababu tatu.

Ya kwanza aliieleza Mwafrika mwenzetu, Augustino, aliyezaliwa Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, mwaka 354. Alibatizwa mwaka 387, akiwa na miaka 32, umri wa wengi wetu. Miaka kumi hivi baadaye aliandika kitabu chake cha Maungamo, na katika sehemu ya kumi na moja alijiuliza wakati ni kitu gani. Alichukua mfano wa mtu anayetaka kuimba wimbo aujuao. Kabla ya kuanza, wimbo wote uko mbele yake, katika kungoja kwake. Akianza, kila neno linatoka katika kungoja na kuingia katika kumbukumbu. Upande wa mbele unapungua, upande wa nyuma unaongezeka, mpaka wimbo wote umekwisha kupita. Ndivyo ulivyo wimbo, asema Augustino, na ndivyo yalivyo maisha yote ya mtu.

Tufikiri kidogo juu ya mfano huo. Nyumba ya zamani waweza kuiona yote kwa mara moja, haiondoki ukiitazama. Picha nayo inakungoja. Lakini wimbo hauwezi kukaa. Sauti ya kwanza isipokufa, sauti ya pili haiwezi kuzaliwa. Ukitaka kuusimamisha ili uushike, umeuua. Kwa hiyo mtu anayesikiliza wimbo wa ujana wake anaona miaka yake yote ikipita tena kwa dakika saba au nane, naye hawezi kusema: «Simama hapo!»

Tena, tazameni jinsi rumba yetu ilivyojengwa. Kwanza waimbaji huimba polepole, kwa maneno ya mapenzi na huzuni. Kisha gitaa zinashika moto, sebene inaanza, na watu wote wanasimama kucheza mpaka mwisho. Maisha yanafanya kinyume. Sebene inakuja kwanza, na maneno ya polepole yanakuja baadaye. Labda ndiyo maana wazee hupenda sana mwanzo wa rumba, na vijana hungoja mwisho wake.

Sababu ya pili ni hii: wataalamu wa mambo ya akili wameona kwamba mtu mzima hukumbuka zaidi mambo ya ujana wake, tangu umri wa miaka kumi hivi mpaka thelathini. Katika miaka hiyo kila kitu ni cha mara ya kwanza: kuondoka nyumbani, kupenda, kupata mshahara, kuzika rafiki. Wimbo uliokuwapo siku zile unashikamana na mambo hayo kama rangi inavyoshika kitambaa kipya. Nyimbo za baadaye zinakuta kitambaa kimekwisha kupakwa rangi.

Sababu ya tatu ni ya mwili. Sikio nalo linazeeka. Kwa kawaida sauti nyembamba za juu ndizo zinazopotea kwanza, polepole, pasipo mtu kujua. Basi, mzee akisema kwamba muziki wa leo ni kelele tupu, pengine hasikii kile ambacho mjukuu wake anasikia. Ni vema akumbuke jambo hilo kabla ya kutoa hukumu.

3. Je, nyimbo zetu zilikuwa bora?

Hapa ndipo penye hatari. Kwa maana mtu akisikia moyo wake unayeyuka kwa wimbo wa zamani, na haumtikisiki hata kidogo kwa wimbo wa leo, upesi anakata shauri: «Siku zile kulikuwa na muziki, siku hizi hakuna.» Na methali iko tayari kumsaidia: Ya kale ni dhahabu.

Lakini tuulize historia. Mwaka 1948, huko Léopoldville, Wendo Kolosoy aliyekuwa fundi wa mashine katika meli za mtoni alitoa wimbo wake «Marie-Louise». Alikuwa kijana wa miaka 23. Uvumi ulitembea kwamba wimbo huo ukipigwa usiku wa manane unaamsha wafu, na watu wa heshima waliuogopa. Miaka ikapita. Wendo alikufa mzee wa kuheshimiwa mwaka 2008. Na mwezi wa Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo zote mbili katika orodha ya urithi wa watu wote wa dunia. Muziki wa baa umekuwa urithi. Je, rumba ilibadilika? La. Waliobadilika ni vijana walioicheza: walipata mvi, nayo ikapata heshima pamoja nao.

Au tuje karibu zaidi, kwetu Katanga. Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, Hugh Tracey aliyekuwa akizunguka Afrika kukusanya muziki alimsikia kijana mmoja akipiga gitaa. Alikuwa Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa mwaka 1930. Tracey alirekodi wimbo wake «Masanga», na jina la Bosco likafika mbali, mpaka Nairobi na kupita. Leo tukisikia gitaa lile tunasema: «Ah, muziki wa babu zetu!» Lakini siku zile gitaa lilikuwa kitu cha vijana wa mji. Wazee waliokua na ngoma za kijijini walilisikia kama sisi tunavyosikia muziki unaotoka katika simu za watoto wetu.

Hata kanisani ni vile vile. Mwaka 1958, huko Kamina, Padri Guido Haazen na waimbaji wake waliimba Missa Luba, maneno ya Kilatini kwa sauti na ngoma za kwetu. Mtaguso ulifungulia nyimbo za mataifa mlango kwa barua ya mwaka 1963, na mwaka 1988 Roma ilikubali misa kwa desturi za nchi yetu. Wako wazee walioona ngoma inaingia, wakahuzunika kwa ajili ya nyimbo za Kilatini walizojifunza utotoni. Leo wale waliozipokea ngoma kwa shangwe wamekuwa wazee, nao wanahuzunika kwa sababu vijana wa korali wanaleta kinanda cha umeme. Kila kizazi kinalia mlangoni pale pale.

Tena kuna hila moja ya wakati ambayo tuitambue. Wakati una ungo wake. Mwaka 1999 zilitoka nyimbo nyingi mbaya na za kuchosha, lakini ungo umezitupa, nasi tumezisahau. Zimebaki chache zilizo nzuri. Kisha tunachukua hizo chache tunazipima na nyimbo zote za leo, ambazo hazijapepetwa bado. Je, huo ni mzani wa haki? Mfanyabiashara akipima hivyo sokoni tungemwita mwizi.

Lakini mtu atatujibu: «Basi, mwasema nyimbo zote ni sawa? Hata zile za matusi? Hata zile za kusifu fedha?» Hapana, hatusemi hivyo. Wimbo mbaya ni mbaya, na mzazi asiyekataza maneno machafu nyumbani mwake hafanyi kazi yake. Ila tuwe watu wa haki. Katika nyimbo za ujana wetu waimbaji walitaja majina ya matajiri kwa malipo, jambo lile liitwalo mabanga, na sisi tuliyaimba majina hayo kwa moyo kana kwamba ni ya mababu zetu. Michezo ya ndombolo nayo ilishutumiwa na wazee kwa sababu ya viuno. Kwa hiyo sheria yetu iwe hii: tuhukumu wimbo kwa maneno yake na kwa matunda yake, tusiuhukumu kwa umri wake. Na sheria hiyo tuitumie kwanza kwa nyimbo zetu wenyewe.

4. Baba aliyenyamaza

Tulimjua baba mmoja, mfanyakazi wa shaba, ambaye marehemu baba yake alikuwa mpiga gitaa kwa mtindo wa Bosco, kwa kidole gumba na cha shahada. Yeye mwenyewe alizijua nyimbo nyingi za Kiswahili za wakati ule. Jioni, akiwa peke yake chini ya mwembe, aliziimba kwa sauti ya chini. Watoto wake walipofungua muziki wao alikasirika, akasema: «Nyinyi hamjui muziki.» Siku moja kijana wake alimwuliza maneno ya wimbo mmoja yana maana gani. Akamjibu: «Wewe hutaelewa.» Kijana hakuuliza tena.

Baba huyo alikufa ghafula. Usiku wa kilio, rafiki zake wa kazi walitaka aimbiwe wimbo alioupenda. Wakatazamana. Mmoja alijua mwanzo tu. Mwingine alikumbuka sauti bila maneno. Wakamgeukia kijana wake. Kijana akainamisha kichwa, akasema: «Hakunifundisha.» Basi wakaimba nyimbo nyingine, ambazo kila mtu anazijua.

Wasomaji wapenzi, tulifikiri sana juu ya neno lile. Baba yule alilaumu watoto wake miaka mingi kwamba hawajui nyimbo za zamani. Lakini mtu atajuaje kitu ambacho hakupewa? Watoto hawakuitupa dhahabu ya babu yao; hawakuonyeshwa hata sanduku lake. Kanda nyingi za wakati ule zimeliwa na joto na vumbi, na nyimbo nyingine hazikurekodiwa hata mara moja. Zinaishi katika vinywa vya watu wachache tu. Mmoja wao akifunga kinywa chake kwa hasira, wimbo unazikwa pamoja naye.

5. Basi, tufanye nini?

Kwanza, tukubali. Wimbo ukituambia kwamba tunazeeka, tusibishane nao. Hautudanganyi wala hautuchukii. Huzuni tunayoisikia ni kipimo cha miaka tuliyokwenda. Si ushuhuda kwamba dunia imeharibika. Mtu anayechanganya mambo hayo mawili atakuwa mzee mwenye uchungu, naye atawaadhibu vijana kwa kosa moja tu, kwamba wamezaliwa baada yake.

Pili, tufundishe. Kama una wimbo, uimbe mbele ya watoto, uwaeleze maneno yake, nani aliuimba, na mwaka ule mambo yalikuwaje. Usingoje wakuombe mara tatu. Wakikuomba mara moja, shukuru. Na siku hizi simu ile ile inayotukasirisha yaweza kurekodi sauti ya bibi akiimba, bila gharama. Kijana mwenye simu na mzee mwenye wimbo wakikaa pamoja nusu saa, wamefanya kazi ambayo zamani ilimtaka mtu kama Tracey asafiri na mashine zake njia ndefu.

Tatu, tusikilize. Husemwa kwamba ngoma ya watoto haikeshi. Labda. Lakini sisi nasi tulikuwa watoto, na ngoma yetu imekesha miaka zaidi ya ishirini. Tuulize vijana: «Wimbo huu unasema nini? Kwa nini unaupenda?» Hatulazimishwi kuupenda nasi. Lakini mtoto anayeona kwamba mzazi wake amesikiliza wimbo wake mpaka mwisho, siku nyingine atakaa asikilize wa mzazi wake.

Katika kitabu cha Ezra tunasoma kwamba Wayahudi waliporudi kutoka Babeli waliweka msingi wa hekalu jipya, na tarumbeta na matoazi vilipigwa. Vijana walipiga kelele za furaha. Lakini wazee waliokuwa wameliona hekalu la kwanza walilia kwa sauti kuu. Na watu hawakuweza kutofautisha sauti ya kilio na sauti ya furaha, na kelele hizo zikasikiwa mbali. Tuone vizuri: wazee hawakuamriwa kunyamaza, wala vijana hawakuamriwa kuacha kushangilia. Wote walisimama mbele ya jengo moja.

Na iwe hivyo katika nyumba zetu. Siku ya arusi au ya sikukuu, wapigwe Wenge kidogo kwa ajili yetu, na Bosco kidogo kwa ajili ya wazee kama yuko anayemkumbuka, kisha vijana wapewe chombo wapige chao. Mwenye kulia kidogo alie, na mwenye kucheza acheze. Nasi tulio katikati, ambao hatuitwi tena vijana wala hatuitwi bado wazee, tuna kazi yetu: kuchukua wimbo kutoka mkono mmoja na kuufikisha katika mkono wa pili, kabla sebene haijakwisha.